Simu ya Walikale Nilikataa Kukata

Alhamisi, Mweso. Ni saa kumi na mvua ingali inapiga mabati, ile mvua ya Masisi isiyo na haraka. Sina huzuni, sina hasira. Niko tu. Leo nimekunywa chai mara tatu na sikumbuki kama hata moja ilikuwa na sukari.

Naandika juu kuna jambo nimefanya, ao tuseme nimechelewa kulifanya, na hapa kwenye biro, ofisi yetu, hakuna muntu naweza kumwambia nikimwangalia usoni.

Kwa wenye hawajui kazi yangu: mimi njo muntu wa rezo, yaani mutandao, kwenye kituo kimoja kidogo cha afya, pembeni ya Mweso. Tuko na antena moja kwenye paa, inaangalia satelite, na simu sita za mezani zenye kupita kwenye internete. Telefone za mukononi zilinyamaza tangu vita ipite kwenye barabara. Kwa hiyo kila kitu kinategemea ile antena: sauti, barua, picha za wagonjwa. Na njia yenyewe ni nyembamba kweli.

Chef wangu, mukubwa wa kazi kule Goma, alikuwa ananiomba tangu zamani niwashe priorite ya sauti. Maana yake ni nyepesi: muntu akiongea kwenye simu, maneno yake yanapita kwanza, barua na picha zinangojea pembeni. Nilikuwa namujibu, kesho chef, kesho. Jumatatu hii nikaingia kwenye routeur, kile kisanduku cheusi kinachogawa rezo, nikaiwasha. Kazi ya dakika kumi.

Tangu siku ile simu zinasikika vizuri, unaweza kufikiri muntu wa Goma ameketi kwenye kiti chako. Vingine vyote vimekufa.

Ripoti ya chanjo ilianza kuondoka Jumanne asubuhi. Mpaka Jumatano ilikuwa ingali inaondoka. Watu wa biro walianza kunitania: Faustin, tuitume kwa miguu, itafika mbele. Nikacheka nao. Nilicheka kama muntu mwenye hana kitu cha kuficha.

Jumatano saa tano wakamuleta Mama Riziki kwenye kipoyi, wanaume wane wamemubeba tangu Muheto. Risasi ilimukuta kwenye shamba lake la viazi na kuvunja mufupa chini ya goti. Dokta Kavira alisafisha kidonda, akapiga picha ya mufupa, akaja moja kwa moja kwangu. Muganga wa kupasua yuko Goma, barabara imefungwa, na yeye hawezi kuamua peke yake. Muganga yule lazima aone picha na waongee kwa simu wakati uleule, kipande kwa kipande.

"Kaka Faustin," akasema, "hii muguu haina siku mbili. Picha isipofika, kesho jioni nitaikata. Nipatie njia."

Nilipita karibu na kitanda nikienda kuchukua ngazi. Mama Riziki hakuwa analia. Aliniuliza kama mimi njo mwenye mashini. Nikasema ndiyo. "Basi fanya mwanangu," akasema. "Shamba langu liko kwenye mulima. Na muguu moja nitapanda namna gani?"

Nikafanya. Eh, nilifanya kila kitu. Nilipanda kwenye paa na mvua ikinipiga mugongoni, nikakaza antena ambayo haikuwa imelegea. Nikabadilisha waya. Nikazima routeur nikaiwasha tena, nikangalia kama mwendo wa internete nilioandika mule ndani ni mwendo wetu wa kweli. Ulikuwa wa kweli. Picha ilifika nusu, ikasimama, ikarudi mwanzo.

Chef akanipigia kutoka Goma. "Faustin, kama ile priorite njo inaleta matatizo, iondoe kwanza."

"Hapana chef," nikasema. "Si ile."

Ilikuwa ile. Nilijua.

Hapa lazima nieleze desturi yetu moja, na mimi njo niliileta. Wakati barabara zilianza kuwa moto, kupata laini ilikuwa bahati. Unaweza kupiga asubuhi nzima. Kwa hiyo nikaambia watu wa vituo vyote: mukipata laini, musikate. Mulalishe simu tu. Unalaza mukono wa simu kwenye meza, unaendelea na kazi, na sauti za kule zinatoka kidogo kidogo: kiti, kikohozi, mutoto anayekataa sindano. Hakuna mwenye anaongea. Lakini unajua wako. Watu waliipenda hii kitu kuliko radio.

Kumbe simu iliyolala haipumziki. Inatuma ukimya, na kwa rezo ukimya uko na uzito sawasawa na maneno. Mbele ya Jumatatu ule ukimya ulikuwa unasukumana na barua kwenye mulango moja. Jumatatu mimi nikaupa haki ya kupita kwanza.

Leo asubuhi nikatembea meza kwa meza nikiwaomba wakate. Wa chanjo alikata. Wa maabara naye. Nikafika kwa Mama Zawadi wa farmasi. Bwana yake, Papa Muhindo, ni shofere wa biro yetu ya Sake, na kila siku wanalalisha simu tangu asubuhi mpaka wakati wa kufunga.

"Unataka nikate?" akaniuliza. "Na kama kesho barabara ya Sake nayo ikifungwa, nitamusikia wapi?"

"Kata mama. Ni juu ya mugonjwa."

Akainua ile simu. "Papa Muhindo, nakata. Banasema ni juu ya rezo. Ukule vizuri." Akakata, akaanza kuhesabu vidonge huku machozi yanamutoka. Nikamwambia aksanti. Aksanti gani ile, Mungu wangu.

Simu tano zilikatwa. Picha haikusonga. Kwa ile priorite niliyowasha, hata simu moja ikiwa hai, picha inangoja pembeni.

Ya sita ni yangu.

Iko kwenye chumba cha rezo, nyuma ya kisanduku, nimeifunika na koti. Imelala siku tisa. Upande wa pili ni kituo chetu cha Walikale, kule kwetu, ambako mudogo wangu Jeremi ni infirmier, muuguzi. Siku ile tulikuwa tunaongea juu ya dawa za malaria. Nikasikia watu wanapiga kelele inje. Akasema, "Usikate, nakuya." Akalaza simu, nikasikia mulango. Hakurudi. Jioni yake tukapata habari kwamba wote wa kule walikimbilia pori, na hakuna mwenye anajua nani alifika.

Kituo kimebaki na batri na panneau ya jua. Nilivifunga mimi mwenyewe, nilivifunga vizuri mno. Kwa hiyo siku tisa nasikiliza nyumba. Mvua. Mbuzi aliyeingia akaangusha kitu cha chuma. Siku ya tano nilisikia hatua za muntu, na kikohozi. Niliita Jeremi, Jeremi, mpaka koo ikakauka. Hatua zikaenda.

Mama yetu yuko Sake, kwa wakimbizi wengine. Kila asubuhi anakuja kwenye simu ya biro. "Unamusikia?" ananiuliza. Namujibu, "Nasikia nyumba, mama." Anasema, "Basi, bado iko."

Jumapili sauti ya nyumba ilianza kukatika. Mara mvua, mara hakuna kitu. Nikaogopa laini itaanguka yenyewe. Njo maana Jumatatu niliwasha priorite ambayo chef alikuwa ameomba kwa miezi. Si juu ya kazi. Nilitaka kusikia vizuri nyumba yenye haina muntu.

Na leo nimewakatisha watu wote laini zao mbele ya kugusa yangu. Mama Zawadi yuko na muntu upande wa pili, anakohoa, anamujibu. Mimi nilimukatisha yeye mbele yangu.

Saa nane Dokta Kavira akaingia kwenye chumba cha rezo. Aliona waya inaingia chini ya koti. Akainua koti kidogo, akaiweka tena chini polepole.

"Ni Walikale?"

"Ni Walikale."

"Sitakuambia ukate," akasema. "Nitaenda kuchemsha vyombo vya kukatia."

Akatoka. Afadhali angenitukana.

Sikukata palepale. Niseme ukweli wote, kwani nimeanza. Nilikaa robo saa nzima, simu kwenye sikio, nikiweka muguu wa mama wa watu kwenye mizani na sauti ya nyumba. Kule mvua ilikuwa imeisha. Kulikuwa na ndege moja tu. Nikasema, "Jeremi, nakata." Nikangoja kidogo, kama mupumbavu. Kisha nikafinya.

Picha ilienda kwa dakika ine.

Muganga wa Goma na Dokta Kavira waliongea karibu saa nzima, sauti safi, picha mbele ya macho yake. Muguu unabaki. Watafunga vyuma inje ya nyama, watasafisha kila siku, na atakaa kitandani wakati murefu, lakini unabaki. Walipomwambia, Mama Riziki aliuliza kama uji uko. Watu wakacheka, Dokta akafuta macho, chef akanipigia kunishukuru. Nikasema si kitu, chef. Watu walinipiga kwenye bega. Nilisikia ile mikono kama inapiga koti, si mimi.

Mama Zawadi nilimwambia anaweza kulalisha simu yake tena. Picha imekwisha kufika, sasa njia ni ya sauti.

Kisha nikapiga Walikale. Nilijua itajibu nini, mimi njo fundi. Mukono wa simu kule ungali umelala kwenye meza, kwa hiyo laini inasema iko na kazi. Tuu, tuu, tuu. Itasema hivyo kila siku, mpaka muntu aingie, auinue, na kuurudisha mahali pake.

Kesho nitapiga tena, na kesho yake. Siku simu ya kule itaita, nitajua kuna mukono ndani ya nyumba. Sijui mukono wa nani: wa Jeremi, ao wa wale waliomukimbiza. Mama akiniuliza asubuhi, nitamwambia nini: tuombe iite, ao tuombe isiite?