Jogoo Niliyempeleka Madhabahuni

Kitandililo, Makambako
Jumanne, 6 Agosti 2024

Dada yangu Fidelia,

Kamwene, dada. Kabla sijakuuliza hali, nataka ujue kwamba nimekukosea, na mkwe wako Lightness nimemkosea zaidi yako. Kuku wako hawakufa kwa sababu yake. Walikufa kwa sababu yangu. Nakuomba usiichane barua hii, uisome mpaka mwisho. Na zaidi ya yote nakuomba shemeji Kristofa, ndugu wa marehemu mumeo, asiende Bulongwa Jumatatu ijayo kuwaambia wazazi wa Lightness kwamba binti yao asirudi tena kwa mwanao Emanuel.

Sasa nikusalimie kama inavyotakiwa. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko Njombe? Najua nyumba imekuwa kimya tangu mjukuu wako Rebeka aondoke na mama yake. Sisi huku tuko wazima. Wifi yako Beatha anakusalimu, tumemaliza kupukuchua mahindi juzi, na yamepungua kidogo kuliko ya mwaka jana. Wiki iliyopita nilikupigia simu mara tatu. Mara zote ulipokea, nikakuuliza bei ya viazi, nikakata. Ukanitania kwamba siku hizi nimekuwa dalali. Sikuwa na haja na viazi, dada. Nilikuwa natafuta pa kuanzia na sikupaona, ndiyo maana naandika. Barua nampa Cresensia, jirani yetu, anakwenda Njombe kesho asubuhi.

Mambo yalianza mwishoni mwa Juni baridi ilipokaza. Banda langu unalijua, lile la mabanzi nyuma ya jiko. Nilikuwa na kuku kumi na saba na yule jogoo mwekundu, kisha nikaongeza matetea wawili niliowanunua sokoni hapa Makambako. Haikupita wiki wakaanza kupiga chafya. Nikasema hii ni baridi tu. Nikafanya kama tunavyofanya wengi huku: nikaziba kila tundu kwa viroba vya mbolea, nikamwaga maranda chini, na jioni nikawa nawawekea jiko la mkaa. Beatha akanicheka, akasema nimebakiza kuwashonea masweta.

Baada ya siku nne walikuwa wanakoroma. Ukikaa jikoni unawasikia, kama watu wazima waliolala chali. Mmoja akavimba uso upande mmoja mpaka jicho likafunga, wa pili akafuata, na puani ukawa unatoka ute unaonuka vibaya. Mayai yakakatika. Niliwapa maji ya pilipili, nikawapa shubiri, wakazidi. Matetea watatu wakafa kwa siku mbili.

Beatha hakuniuliza, akaenda kumwita mtaalamu wa mifugo. Ni binti mdogo anaitwa Jasmine, umri kama wa binti yetu wa pili. Aliingiza kichwa bandani akakitoa haraka, machozi yanamtiririka, akaniuliza kama mimi mwenyewe ningeweza kulala humo hata saa moja. Viroba vyote akavirarua. Akasema harufu ya mavi yao ndiyo inawachoma vifua, na mimi nimewafungia humo na moshi juu yake. Lakini akasema juu ya hayo kuna mafua ya kuku, na mafua hayo hayaletwi na baridi, yanaletwa na kuku mgeni. Nikakumbuka wale wawili wa sokoni. Akatoa dawa ya kuweka kwenye maji, akasema niwatenge wanaoumwa. Halafu akasema asitoke kuku hata mmoja hapa, wa kuuza wala wa zawadi, hata anayeonekana mzima, kwa sababu kuku akipona anaweza kubaki na ugonjwa ndani yake na kuwapa wenzake. Alilisema mara mbili. Akaniuliza, baba umenielewa? Nikamwambia nimeelewa.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumapili yake ndiyo ilikuwa sikukuu ya mavuno.

Ulikuwepo, Lightness mlikuja naye, uliona mwenyewe. Ila hukujua kwamba wiki mbili nyuma, kwenye kikao cha wazee wa kanisa, nilijitapa kwamba nitaleta jogoo ambaye kwenye mnada wa sadaka hajawahi kupita mfano wake, na Mwinjilisti Hezekia akaandika. Ningeweza kupeleka debe la mahindi. Hakuna mtu angeniuliza. Lakini niliona jinsi watakavyonicheka, mzee wa kanisa kaahidi jogoo kaleta debe. Nikamwangalia yule mwekundu, nikaona uso wake haujavimba, anakula, anawika. Nikajiambia kwamba kuku wa mnada huchinjwa siku hiyohiyo, wageni wanakula, mambo yanaisha. Na kweli ndivyo inavyokuwa kila mwaka. Nikambeba.

Basi ibada ikaisha tukatoka nje, Hezekia akamnyanyua juu na utani wake, akasema huyu ni jogoo wa mzee wa kanisa, Sala ya Bwana anaijua yote, atakayeshindwa kumnunua Krismasi atakula dagaa. Watu wakacheka. Wewe ukapandisha, wakapandisha, ukapandisha tena mpaka wote wakanyamaza. Nilifurahi, dada. Nilifurahi kwamba jogoo wangu amefika juu kuliko mbuzi wa wenzangu. Halafu ukaja kwangu umemkumbatia, ukasema huyu hachinjwi, huyu ni mbegu ya nyumbani kwa baba, anakwenda kukaa na matetea wangu Njombe.

Neno lilikuwa moja tu, mchinje leo. Nilikuwa nalo mdomoni. Watu walikuwa wamesimama pale, Hezekia alikuwa pale. Nikakwambia, mtunze vizuri.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Siku ya tatu matetea wako wakaanza chafya. Kufikia wiki ya pili walikuwa wamekufa tisa, na waliobaki macho yameziba. Matetea hao ndio waliosomesha watoto wako tangu mumeo alipofariki, kila mtu kwenye ukoo anajua. Ulipotafuta ugonjwa umetoka wapi ukawaona wale kuku wawili ambao Lightness alipewa na mama yake alipotoka kusalimia kwao Bulongwa, huko Makete, siku chache kabla ya mavuno. Ukaniita nije kwenye kikao cha familia kama mjomba wa Emanuel.

Nilikuja nikiwa na nia ya kusema. Mungu ananiona, kwenye gari nilikuwa nayapanga maneno. Nilipofika ukaniwekea kiti cha mbele, ukaniletea chai, ukasema mjomba ndiye atakayetuongoza. Lightness alikuwa amekaa chini kwenye mkeka na mtoto. Nikaona nikisema, heshima yote ile inaondoka palepale nimekaa. Na nilichokisema unakikumbuka. Nilisema mwanamke anayeingiza ugonjwa nyumbani kwa watu na kuuficha, kesho ataficha kikubwa zaidi. Shemeji Kristofa akatikisa kichwa kukubali. Emanuel akaangalia chini. Wewe ukalia. Ukaamua aende kwao akapumzike. Lightness hakujitetea. Aliniangalia tu, akaniangalia muda mrefu, mimi nikadhani ni kiburi cha mtu aliyekamatwa.

Dada, Jumapili hii iliyopita, tumetoka kanisani, nimekaa kwenye benchi najivua viatu, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa Lightness. Nakuandikia kama ulivyo, sijaongeza wala kupunguza.

"Shikamoo mjomba. Yule jogoo wa mavuno mimi ndiye niliyempakata kwenye basi mpaka Njombe. Puani alikuwa amepakwa mafuta ya kujipaka, yakashika kwenye kitenge changu. Nilipoyafuta, chini yake kulikuwa na ute unanuka. Nilijua utasema mwenyewe kikaoni, nikakusubiri. Rebeka anawasalimu."

Nilisoma nikiwa na kiatu kimoja mguuni. Beatha aliniuliza kuna msiba wapi. Nikampa simu asome. Akasoma, akasoma tena, akaiweka kwenye benchi taratibu, akaingia jikoni. Mpaka leo anaongea na mimi mambo ya chakula tu.

Ni kweli, dada. Hilo ndilo nililokuwa nazunguka tangu mwanzo wa barua. Asubuhi ile ya mavuno, nyuma ya ukuta wa kanisa, jogoo alipiga chafya mbili na pua ikatoa ute. Nikachukua leso yangu nikamfuta. Ukatoka tena. Nikatoa kikopo cha mafuta mfukoni, mafuta ninayopaka midomo kwa ajili ya baridi, nikamziba pua kwa kidole changu, nikamficha ndani ya koti mpaka wakati wa kupita mbele na sadaka. Usiseme sikujua. Nilijua, na nilificha, kisha nikamweka mbele ya madhabahu na kumshukuru Mungu kwa sauti.

Kinachonishtua mpaka sasa si kwamba nimejulikana. Ni kwamba yule binti alikuwa na ushahidi kwenye nguo yake, amekaa pale mkekani, na akanyamaza ili mimi nipate nafasi ya kusema mwenyewe. Nami nafasi ile niliitumia kumfukuza. Tangu Jumapili nikikaa kula namwona anavyoniangalia. Kile nilichokiita kiburi, kumbe alikuwa ananingoja.

Jana nilikwenda kwa Jasmine nikamweleza yote. Nilitegemea atanigombeza. Aliuliza tu jogoo yuko wapi sasa. Nikamwambia yuko kwako. Akashika kichwa. Basi sikiliza hili kwa makini, dada. Wewe mwenyewe ulinisifia kwenye simu kwamba matetea wote waliumwa lakini mbegu ya nyumbani kwa baba haikutetereka, ukasema angalau baba ametuachia damu nzuri. Huyo unayemwona mzima ndiye aliyebeba ugonjwa. Ukimwachia bandani, kila kuku utakayemleta atamwambukiza. Mtoe umchinje leo hii. Waliobaki wamwone mtaalamu wa mifugo wa hapo kwenu kabla hujanunua wengine, vyombo vya maji vioshwe na banda lisafishwe, na matundu ya juu yaachwe wazi hata baridi ikiuma. Kuku wangu mimi nimeamua kuwamaliza wote, tangu jana jioni tunachinja na kula humuhumu ndani, hatoki hata mmoja. Banda nimelifungua milango nimeliacha lipigwe na jua.

Kwa Mchungaji nimekwenda leo asubuhi. Nimemwambia aondoe jina langu kwenye uzee wa kanisa. Aliniuliza kama nimeshazungumza na Lightness. Nikamwambia bado. Akasema basi nimekuja kwake mapema mno, nianze huko.

Kuhusu Emanuel, mimi sina mdomo wa kumwambia chochote. Mwambie tu kwamba mjomba wake alimdanganya, na kwamba mke wake hakuficha kitu. Kama atataka kuja kunitukana, aje, milango haijafungwa. Hata shemeji Kristofa naye umwambie, maana alitikisa kichwa kwa kuniamini.

Nisalimie majirani wote, na mama Rebeka ukiongea naye kwa simu kabla yangu umwambie tu salamu, usimwambie kitu kingine kwa niaba yangu. Hapana kunitetea. Beatha anasema atakuletea unga wa ulezi atakapokuja, na mimi naomba uendelee kupata nafuu ya magoti.

Ijumaa jioni nitafika hapo kwako Njombe, ukinifungulia nitalala, usiponifungulia nitalala stendi, na gari la kwanza la asubuhi la Makete litakuwa langu. Jumamosi tarehe kumi, kabla ya saa sita mchana, nitakuwa nimesimama Bulongwa mbele ya baba na mama yake Lightness, naye akiwepo, na nitasema kwa mdomo wangu, hadi habari ya yale mafuta, kila kitu nilichokuandikia hapa.

Mdogo wako,
Sadock