Nyama Iliyovikwa Shingo ya Wafula

Jumapili, Agosti. Mvua imenyesha Kitale tangu asubuhi, na magoti yangu yalikuwa na habari hiyo tangu jana. Nimevaa sweta mbili.

Mchana vijana wamepita barabarani wakipiga njuga, wanaalika jamaa kwenye tohara. Nimesimama dirishani mpaka chai ikapoa.

Mwaka wa themanini na nane nilikuwa na miaka kumi na saba na mwili wa mtoto wa darasa la nne. Nina selimundu. Daktari alimweleza mama taratibu: chembe za damu yangu zinakufa mapema, mwili unamaliza nguvu kutengeneza nyingine, kwa hiyo urefu na kubalehe vinangoja zamu. "Amechelewa tu, mama. Atafika."

Mdogo wangu Wafula, miaka kumi na minne, hakungoja chochote. Alishanipita kwa kichwa kizima na sauti yake ilitetemesha sufuria. Mimi kwaya ya kanisa iliniweka na wasichana. Niliimba vizuri, ndiyo shida.

Na kwetu Bungoma mdogo hamtangulii mkubwa kutahiriwa. Nikikataliwa mimi, Wafula naye angebaki. Agosti ile ikitupita, tungengoja miaka miwili.

Tukaenda na njuga zetu Tongaren, kwa mjomba, kaka ya mama, ambaye hakuwa ametuona tangu tukiwa wadogo. Mjomba ndiye huchinja ng'ombe na kumvika mpwa wake kipande cha nyama shingoni. Hiyo ndiyo ruhusa yake na baraka yake. Mkubwa huvikwa kwanza.

Akatoka na nyama mkononi, akanipita, akamvika Wafula.



"Mjomba, mkubwa ni huyu," Wafula akasema.

"Huyu? Wacha mchezo, bana! Si huyu ni mtoto? Hata njuga zinamshinda! Mpelekeni akakue kwanza."

Uwanja mzima ukacheka. Hata mimi nilicheka, ili nisilie.

Wafula hakucheka. Aliivua ile nyama, akanivika mimi. Ilikuwa nzito, bado ina joto, ikanivuta shingo mbele. "Huyu asipoenda, mimi pia siendi," akamwambia mjomba.

Mjomba akachukua kisu, akarudi kwa ng'ombe kukata kipande cha pili.

Kukabaki matope. Alfajiri ya tohara kijana huoga mtoni na kupakwa matope baridi mwili mzima, na baridi ndiyo inayoamsha maumivu ya mifupa yangu. Mama hakutaka hata kulisikia neno mto. Nikatahiriwa hospitalini, siku moja kabla ya Wafula ili nibaki mkubwa, kisha nikafunikwa blanketi. Wafula alisimama kwenye matope yake peke yake. Kuna wazee ambao hadi leo hawajanisamehe lile blanketi.

Sauti yangu ilivunjika nikiwa na miaka ishirini na moja, chuo cha ualimu, katikati ya sala ya asubuhi. Nilifurahi nikasema "amina" kabla sala haijaisha.

Dada yetu Nekesa, aliyekuwa na ugonjwa huu huu, hakufika umri wa kuchelewa.

Huwa simwandiki. Leo nimemwandika.

Jioni Wafula amepiga simu kutoka Bungoma. Ana kitambi sasa, na wajukuu, na bado ananiita vilevile.

"Mkubwa, umesikia njuga?"

"Nimesikia."

"Na sweta umevaa?"

Ndevu zangu zimekuwa nyeupe, na wanafunzi wangu wananiita Krismasi wakidhani sisikii. Nilikuwa nimepanga kuzinyoa kesho. Hata wembe nimenunua.

Nimeghairi. Nilizingoja sana.