Timu Imemuita Tena Saidi

Alhamisi, baada ya isha

Sasa nimujibu nini? Timu ya mbio za magari imemuita tena mume wangu, ile ile iliyomufukuza alipopindua gari kule Uganda, ikamurudisha, halafu ikamufukuza tena. Leo tukikamua mawese Saidi ameniambia, "Mama Zuhura, wanataka jibu kesho. Ukisema hapana, siendi."

Muzigo gani huu wa kuniachia mimi!

Akiwa kwenye mashindano silali, kila simu ikilia ninaikimbilia. Akiwa hapa Rumonge anakaa kimya kama mugeni. Lakini leo, tangu wapige simu, anaimba tu. Dada yake kamucheka: "We Saidi, mvi zote hizo utazificha ndani ya kofia?"

"Gari haiulizi mvi, dada, inauliza muguu."

Nikacheka na mimi. Kisha nikakasirika kwa nini nimecheka.

Nimeswali istikhara ili Mungu anionyeshe njia. Nilikusudia kuomba abaki nyumbani. Nimefika mwisho wa dua ndipo nikajisikia: nilikuwa ninaomba Mungu amushike vizuri kwenye kona.