Wifi wa Zamani Abaki

Kwa wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi, pamoja na busu kwa mwanao, ambaye najua siku hizi hapendi kubusiwa. U hali gani? Homa ya mtoto imekwisha? Sisi tu wazima, isipokuwa goti la Mama, ambalo sasa linatabiri mvua hata isiponyesha.

Barua yako niliipata. Uliuliza kama tangu kaka afariki wewe bado ni wetu, au umebaki jina tu. Nilikuwa natafuta maneno ya kukujibu, kumbe yataletwa na fundi.

Tuliamua kuweka intaneti ili Mama awe anamwona mjukuu wake kwenye simu akiwa kitandani, kule chumba cha nyuma. Fundi, tunayemwita Bwana Antena kwa urefu wake, akaja na vifaa viwili vya kurusha mtandao, kipya na cha zamani. Watu wote husema waifai. Yeye husoma kama ilivyoandikwa, wifi, na vyombo vyake huvizungumzia kama watu. Akaniambia huyu mpya ana mbio ajabu, lakini ukuta humshinda. Akifika koridoni yuko hoi. Wa zamani ni wa taratibu, ila anapenya hadi chumba cha nyuma, na simu kuukuu ya Mama inaelewana naye. Mimi na tamaa zangu nikataka mbio. Nikasema basi wifi wa zamani aondoke, tukae na mpya, maana mambo yamebadilika.

Wifi, Mama alikuwa jikoni! Alitoka na mwiko mkononi, goti limesahaulika. Alisema atakayemtoa wifi wa zamani nyumba hii aanze kumtoa yeye, na kwamba aliyezikwa ni mwanawe, si mkwewe. Bwana Antena akajificha nyuma ya boksi.

Nilicheka hadi nikakaa chini, kisha nikamweleza Mama. Nilidhani naye atacheka. Akasema maneno yake yabaki vilevile. Halafu, kwa sauti ndogo, akaniambia kuwa uliponyamaza alidhani umetuchoka, akaona haya kukupigia asije akaonekana anakung'ang'ania. Kumbe kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake! Nami pia nina hamu na wewe, wifi, sana.

Basi tumemchukua wa zamani. Mwendo wake ni wa kobe na picha hugandaganda, lakini anafika kitandani kwa Mama. Leo amelala na simu kifuani, akingoja mpige.

Wote wanakusalimu, hata Bwana Antena, ambaye sasa hupiga hodi mara tatu kabla ya kuingia. Njooni likizo. Neno la siri la mtandao alilichagua Mama mwenyewe. Simu yako ikiliuliza, andika badoniwetu, bila kuacha nafasi.

Ni mimi wifi yako,
wa zamani vilevile