Kicheko Nilichokificha Ukweni

Goma, Majengo. Jumatano, alasiri. Mvua imekatika na mawe ya uani yamebaki meusi tititi. Nina aibu kidogo, nina furaha kidogo, na hamu ya mume wangu imenijaa mpaka kooni.

Leo nimecheka ukweni. Kwa sauti.

Kwetu Butembo kicheko changu kilijulikana mtaa mzima. Nikianza nainama, napiga makofi, namshika aliye karibu nisianguke. Bauma alikisikia dukani kwa shangazi yangu, siku aliyokuja kununua maharagwe. Wiki iliyofuata alirudi bila gunia hata moja. Shangazi alipomuuliza anataka nini, alibaki anakodolea macho rafu. Nami, mjinga, nikacheka tena, na haukupita muda wazee wakaanza kuzungumzia mahari.

Kabla sijaondoka mama alinikalisha chini. Bibi harusi haonyeshi meno mbele ya baba mkwe, hali naye chakula, wala hatamki jina lake. Yote nimeyashika. Mtu hutabasamu, huchekelea, hucheka kichinichini, huangua kicheko, huvunjika mbavu. Huku nimebaki na hilo la kwanza tu, tena nikiwa nimeinamisha kichwa.

Bauma alipokuwepo haikuwa shida. Tulitoka wawili kwenda sokoni Birere kutafuta chumvi au sabuni, na njiani nilicheka akiba ya wiki nzima. Sasa huu ni mwezi wa tano yuko Vitshumbi, ananunua samaki na kuwatuma kwa malori. Madereva huniletea salamu zile zile: ni mzima, anakusalimu. Nami nawapa zile zile wampelekee.

Wakati mwingine naogopa kwamba nimeshasahau kucheka.

Basi leo Mzee, baba mkwe wangu, alirudi kutoka ofisini amenuna. Alikwenda kuchukua kitambulisho kipya, kwa kuwa serikali imetuamuru tuache majina ya ubatizo na kuchukua ya mababu. Alichagua mwenyewe jina la babu yake. Siwezi kuliandika hata hapa, maana ndilo jina lake sasa, na mimi ni mkwe. Alikaa sebuleni akimsimulia mama mkwe, nami nilikuwa jikoni nachambua sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

Karani aliita lile jina. Hakuna aliyesimama. Akaita tena. Mzee akaona karani anadharauliwa, akawageukia wenzake kwenye benchi akawagombeza:

"Mutu anaitwa, haitike! Watu ya leo hawana tena heshima?"

Akamuuliza mmoja mmoja kama siye. Wote wakakana. Karani akakiweka kile kitambulisho pembeni, akaendelea na vingine. Ilipofika saa sita watu wote walikuwa wameondoka, amebaki Mzee peke yake, na mezani kimebaki kitambulisho kimoja. Mzee akamsogelea karani, akamwambia kwa upole:

"Ule mutu hatakuya tena. Unipatie yangu niende kula."

Nilijitahidi, Mungu ni shahidi. Niliuma ncha ya kitenge. Lakini kicheko kilikuja chenyewe, kikanikunja juu ya beseni la sombe, nikapiga makofi, nikatafuta mtu wa kumshika, nikaukumbatia mlango.



"Ni nani anacheka kule?" Mzee aliuliza.

"Muke ya mutoto yako," mama mkwe alijibu polepole.

Nilisubiri nifokewe.

"Kumbe anajuaka kucheka! Miye nilizani Butembo walitupatia bubu."

Halafu akacheka yeye. Sikuwahi kumsikia akicheka tangu nifike nyumba hii. Kicheko chake kinaanzia puani, kinakawia kidogo, kisha kinatoka chote kwa mkupuo, na mwishoni anavuta pumzi kwa filimbi. Ni cha Bauma. Ni chenyewe kabisa, tofauti ni umri tu. Ningekuwa nimefumba macho ningekimbilia sebuleni.

Nilikaa chini kwenye kigoda. Nilikuwa nimecheka mpaka machozi, na kicheko kilipoisha machozi yaliendelea. Mama mkwe alikuja akaniona, akachukua beseni akamalizia sombe mwenyewe.

Kwa miezi hii yote nimekuwa najiambia kwamba nimezoea kutokuwepo kwake. Ni uongo. Nimenyamaza tu.

Kesho, Mzee akishakunywa uji, nitamwomba mama mkwe anisemee: nataka kupanda lori la samaki linaporudi Vitshumbi. Najua Mzee atauliza ninakwenda kufanya nini huko, na mama mkwe atanigeukia nijibu. Nitasema nakwenda kumfulia mume wangu nguo.

Nakwenda kucheka naye.