Somo Langu Limesimuliwa Redioni kwa Sauti ya Mume Wangu

Mshauri wetu, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na hasira nisiyojua niitue wapi, nyumbani nimeibeba, kazini nimeibeba, na kila ninayemweleza ananiambia ninyamaze, kwa hiyo naomba wewe usiyenijua unisikilize mpaka mwisho kisha uniambie kama mwenye makosa ni mimi.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili katika shule ya msingi ya kijijini, na mume wangu ni mwalimu mkuu msaidizi wa shule hiyo hiyo, tumejaliwa watoto na hatujawahi kuvunjiana heshima mbele za watu. Shule yetu iko mbali na lami, mvua ikinyesha hata mkaguzi haji, na wengi wetu tulianza kufundisha tukiwa hatujakaa chuoni sawasawa, ndiyo maana ulipoletwa mpango wa kutufundisha sisi walimu kwa njia ya redio tuliupokea kwa mikono miwili. Tulipewa redio ya sola, tunaiweka juu ya kabati katika ofisi ya walimu, na kila Alhamisi watoto wakishaondoka tunakaa kuizunguka, mwalimu wa redioni anatupa mbinu moja, wiki nzima tunaijaribu darasani, na Alhamisi inayofuata shule zinapiga simu kueleza ilivyokwenda. Mwalimu huyo ni mwanamke, sisi tumempa jina la Mama Sauti, na nilimpenda kwa sababu haongei nasi kama anayetusuta, anaongea kama mtu aliyewahi kusimama mbele ya watoto themanini na chaki imekatika.

Mume wangu ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha kusikiliza, na simu zote za kwenda redioni anapiga yeye. Lakini kusikiliza hasikilizi, mshauri. Kipindi kikianza anatoka na kwenda kukaa barazani na simu yake, na ukimwita anasema mambo ya kukaa vikundi vikundi ni ya watoto wa mjini, hawa wetu dawa yao ni kuimba herufi mpaka ziingie.

Muhula uliopita Mama Sauti alitueleza jambo lililonikosesha usingizi, kwamba mtoto anaweza kuimba ukurasa mzima bila kusoma hata neno moja, amekariri tu sauti za wenzake, na akatuambia tuzibe picha kwa kiganja, tuguse neno la katikati, tuone. Nikafanya hivyo, na nusu ya darasa langu wakanitazama kama nimewauliza habari za mwezini. Kati yao alikuwemo mtoto wa fundi baiskeli, ambaye hata kuimba alikuwa haimbi, na wenzake walishambatiza jina la Kimya. Redio ilisema mtoto wa namna hii asianze na maneno ya kitabuni, aanze na maneno yake mwenyewe, na ikasisitiza sana kwamba mfanyie hivyo pembeni, mahali ambapo hakuna wa kumcheka. Basi wakati wa mapumziko nikakaa naye nyuma ya darasa, nikamuuliza nyumbani anafanya nini, asijibu, nikamuuliza ni tairi gani linamsumbua zaidi baba yake, akafikiri, akasema, "La nyuma. Lina mnyororo." Nikayaandika maneno yale kwenye kibao kama alivyoyasema, nikamwambia haya ni yako, umeyasema wewe. Akayatazama, akaweka kidole, akayasoma. Siku iliyofuata akanifuata mwenyewe na sentensi nyingine mdomoni. Baadaye akawa anamsomea rafiki yake mmoja, kisha kikundi kidogo, na kufikia siku ya kusimama mbele ya darasa muhula ulikuwa unakatika, tena aliomba mwenyewe. Mshauri, siku ile nilijifunga khanga usoni kama nina mafua ili watoto wasinione nalia.

Mambo haya nilimsimulia mume wangu hatua kwa hatua, jioni nikipakua chakula, naye akinijibu "mhu" huku macho yakiwa kwenye taarifa ya habari. Kumbe masikio yalikuwa yanafanya kazi.

Alhamisi moja aliaga kwamba ana shughuli za kiofisi mjini. Sisi tukakaa kusikiliza kama kawaida, Mama Sauti akasema leo ana mgeni studioni, mwalimu wa kijijini aliyefanya makubwa, na nikasikia sauti ya mume wangu. Akaanza na mtoto wa fundi baiskeli. Bibi Chaki, mama wa makamo anayefundisha darasa la kwanza, aliinuka kwa furaha kuongeza sauti, halafu mkono wake ukabaki pale pale kwenye kitufe. Akanigeukia. "Hilo si somo lako?"

Walimu wote wakaanza kutazama viatu vyao. Mimi nikajibu, "Ni la shule."

Na laiti angelisimulia lilivyokuwa. "Nilimsimamisha mbele ya darasa zima," sauti ya mume wangu ilisema, "nikamwambia, leo hutaketi mpaka useme. Akasema, nikaandika ubaoni, akasoma, darasa zima likalipuka kwa makofi." Mama Sauti akamuuliza kama mtoto hakuogopa, naye akajibu kwamba mtoto lazima aogope kidogo ndipo ajue kazi ni kazi.

Aliporudi nilimuuliza, "Lile somo ulilifundisha lini?"

Akacheka. "Mke wangu, mimi na wewe si kitu kimoja? Jina likipanda limepanda la nyumba yetu."

"Na hiyo ya kumsimamisha umeitoa wapi?"

"Redioni lazima jambo lichangamke. Ningesema mlikaa nyuma ya darasa mnanong'onezana nani angesikiliza?"

Nikameza. Nilijiambia ni mume wangu, ni cheo chake, yatapita. Kisha Jumamosi moja akaja wifi yangu, mdogo wake wa kike, ambaye naye ni mwalimu katika shule ya ng'ambo ya mto. Hakukaa hata kitini. "Wifi," akaniambia, "mbinu ya kaka imenishinda." Alimchukua binti mmoja mpole wa darasa la tatu asiyejua kusoma, akamsimamisha mbele kama kaka yake alivyoagiza redioni, akamwambia hataketi mpaka aseme, na mtoto akasimama pale mpaka akajikojolea, darasa likacheka. Tangu hapo haji shule. Mama yake amesema hakumzaa mtoto aje kufanywa kichekesho.

Nilipomweleza mume wangu hakuinua hata kichwa. "Dada yangu hajui kufundisha," akasema. "Mbinu haina kosa."

Sasa redio imempenda, wanataka arekodi mfululizo mzima wa vipindi vya kufundisha kusoma, na ameniwekea karatasi nyeupe mezani na kalamu mpya juu yake. "Wewe andika tu," ananiambia, "sauti nitaweka mimi." Nikikataa ananuna, nikinuna mimi anasema nina wivu, mama yangu mzazi nilipomlilia akaniambia, "Mwanangu, kuna wanawake ambao waume zao wanasikika baa tu, wako anasikika redioni, unalia nini?" Mshauri, nikisema ukweli nimemwaibisha baba wa watoto wangu mbele ya walimu wa kila kijiji, nikinyamaza nitaandika kwa mkono wangu na kusikia sauti yake kila Alhamisi mpaka nichanganyikiwe. Yule mwanamume anayedai sisi ni kitu kimoja, mbona makofi yalikuwa ya mtu mmoja? Nifanye nini?

Mimi, Mwalimu wa Darasa la Pili

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, marahaba. Hasira yako ni halali, na kama kuna mtu anakuambia ni wivu mwambie akasome tena maana ya neno hilo. Mumeo amechukua kazi ya mikono yako akaivaa kama koti lake, tena koti lenyewe amelivaa nje ndani. Mtu na mkewe kuwa kitu kimoja ni jambo la kuchangia mzigo. Kama alitaka umoja, angeanza kwa kukaa ndani na wenzake Alhamisi akasikiliza.

Hapo nimeshakuonea huruma, sasa nikuseme. Umeniandikia kurasa juu ya mumeo, na mtoto aliyejikojolea mbele ya wenzake umempa mistari michache. Ukimtoa mumeo, wewe ndiwe mtu pekee anayejua kwa hakika kwamba somo lililotangazwa ni la uongo. Wifi yako hajui. Mama Sauti hajui. Walimu waliokaa karibu na redio zao kama nyinyi, wakiwa na hamu ya kufanya vizuri, hawajui. Kila siku uliyokaa ukipima aibu ya mumeo kuna mahali mwalimu mwema alikuwa anamwambia mtoto mwoga, hutaketi mpaka useme. "Yatapita" uliyojiambia yalikuwa yanapita juu ya vichwa vya watoto.

Kwa sababu uliacha namba yako ya simu, sikungoja gazeti litoke. Nilikupigia siku ile ile niliyosoma barua yako nikakuambia haya, na umeniruhusu niyachape pamoja na yaliyofuata, maana redioni yameshasikika.

Nilikuambia uanze na mtoto, nawe ukaenda nyumbani kwao na wifi yako. Wifi alipoujua ukweli njiani alikaa chini kando ya barabara akasema, "Kumbe nilimtesa mtoto wa watu bure." Mama wa mtoto aliwasimamisha mlangoni kwa muda mrefu, akawasema mpaka akachoka, na mlifanya vyema kutojitetea. Nilikuambia pia umpe mumeo nafasi ya kusahihisha kwa kinywa chake, na umwambie siku utakayosema wewe kama yeye hatasema. Akakujibu, "Utanivua nguo mbele za watu." Ukamwambia, "Basi zivae kabla ya Alhamisi." Jibu hilo sikukufundisha mimi, nimelipenda.

Hakuzivaa. Alhamisi ilipofika ulipiga simu kutoka ofisi ile ile ya walimu, ukajitaja kwa cheo chako, ukasema mbinu iliyosimuliwa haikufanywa hivyo, ukaieleza jinsi ilivyofanywa, pembeni, taratibu, kwa maneno ya mtoto mwenyewe. Mama Sauti akaomba radhi hewani kwa kutangaza jambo bila kulichunguza, akawaomba walimu wote waache kusimamisha watoto. Mumeo hukumtaja. Ulinieleza kwamba hukumtaja kwa sababu hukupiga simu kwa ajili yake, na hapo nilijua hasira yako imepata pa kutua.

Sasa umeniuliza ya nyumbani. Mumeo hajarekodi vipindi, kwa sababu hana cha kusema, na anakula kimya akitazama ukuta. Mwache atazame. Usimpikie vizuri kupita kawaida kama mtu mwenye deni. Usimwombe msamaha kwa jambo ambalo wewe ndiye uliyekosewa. Zile karatasi nyeupe ziondoe mezani, mpelekee Bibi Chaki, watoto wa darasa la kwanza wana kazi nazo. Redio ikikuita wewe, nenda, useme kwa sauti yako na jina lako, na ukiulizwa nani kakufundisha, waambie ni redio, maana ndivyo ilivyokuwa. Uongozi wa kikundi aupate mtu anayesikiliza. Hilo mlipeleke kwa mwalimu mkuu nyinyi walimu kwa pamoja, lisiwe la mke na mume.

Na wewe bwana, najua utausoma ukurasa huu. Una mke anayekusimulia kazi yake kila jioni. Wenzako wanalala na watu wasiowasimulia kitu. Siku utakapotaka kurudi mezani, usianze na hotuba. Muulize leo darasani kulikuwaje, halafu zima taarifa ya habari.

Kuhusu yule binti, jana ulinipigia kwamba amerudi shule, ila hasemi neno na amechagua kukaa kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, na wifi yako anauliza kama amsogeze mbele ili amsaidie vizuri. Mwambie hapana. Achukue kibao chake, aende yeye akakae naye kule mlangoni.