Mbegu Zenye Kutu

Jumatatu, 3 Juni 2024
Majibu ya hospitali yametoka. Kumbe asiyezaa si Amandine — ni minye! Miaka minne mama yangu anamnywesha mke wangu majani machungu, bure kabisa. Daktari anasema mbegu zangu nyingi zina vichwa viwili, zingine hazina mkia. Zinazunguka palepale tu. Akaandika “stress oxydatif”. Ni kama kutu, akasema, inazila toka ndani. Akauliza kazi yangu. Kuoka mikate, miaka kumi na mbili mbele ya tanuri. Akaweka kalamu chini. Nile nyanya, nikae mbali na moto. Muoka mikate akae mbali na moto!

Jumatano, 5 Juni
Nimepata njia. Nikitoka kwenye tanuri naingia ziwani mpaka kiunoni, saa nzima. Sebule ya jirani Damien inafaa. Ziwa liliimeza Aprili, yeye akahamia Kimanga, lakini kuta zipo bado na viboko hawapiti mlangoni. Maji baridi. Aibu nyingi.

Jumapili, 9 Juni
Mtu amebisha hodi. Hodi — ndani ya maji! Bienvenu, wa douane ya Kavimvira, mtoza ushuru wa mpakani. Eti mgongo unamuuma. Tukatazama ukuta. Halafu akauliza taratibu kama na minye niliambiwa habari ya nyanya.

Alhamisi, 13 Juni
Tuko saba. Wote wagonjwa wa mgongo.
Nimemwambia Mama ukweli. Hataki. “Héritier, mutoto yangu hana kutu!” Ametuma watu Nyakabere, baba mkwe aje kuchukua binti yake. Amandine yuko chumbani. Anakunja nguo.

Jumamosi, 15 Juni
Baba mkwe amefika saa tisa. Hakuketi. Ameteremka moja kwa moja majini nilipokuwa, na suruali yake ya ibada, Amandine akabaki ukingoni na sanduku. Wale sita wakakimbia kupitia dirishani. Nikangoja ngumi.
Akasimama pembeni yangu.
“Mkwe, na minye nilipimwa. Bujumbura, mwaka mmoja kabla ya huyu Amandine kuzaliwa. Wakahesabu mbegu. Sifuri.”
Sifuri?
“Sifuri kabisa. Na leo niko na watoto wanane. Mama yako asinisumbue. Amandine anabaki.”
Akanawa uso, akatoka kupitia mlangoni kama mgeni aliyemaliza chai.
Sasa tuko nyumbani. Baba mkwe anakula mkate wangu, Mama amenuna jikoni. Amandine amesimama hapa mbele yangu, sanduku bado mkononi. Anauliza mara ya tatu Papa aliniambia nini kule majini. Nimemwambia angoje, naandika. Amekaa kitandani. Anangoja —